Re: Insha ya kumbukumbu imerudishwa, eti "haina hoja"

Pole. Unasema kila ulichoandika ni kweli, sasa mwalimu wa uandishi wa Kiingereza anataka nini tena? Ukweli peke yake hautoshi. Msome Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa, kitabu chake cha 1845 kuhusu maisha yake, pale anapowagawia watoto wazungu maskini mkate ili wamfundishe kusoma. Tukio dogo tu, lakini limebeba hoja nzima: bwana wake alipokataza asifundishwe, ndipo alipotambua kwamba kusoma ni njia ya uhuru.

Wewe umeanzia kuzaliwa ukafika hadi chuoni. Hiyo ni tawasifu, yaani hadithi ya maisha yako yote, si kumbukumbu (na ndefu, usinune). Chagua siku moja, tuonyeshe nani alisema nini, nani alinyamaza. Halafu wewe wa leo umhoji yule mtoto uliyekuwa siku hiyo: wakati ule alielewa nini?