Programu ya Hesabu Zako Ikianza Kujivuta, Usikimbilie Kufuta Miaka ya Nyuma

Ukiweka hesabu za fedha zako kwenye kompyuta kwa miaka mingi, siku moja programu itaanza kujivuta. Ushauri utakaoupata haraka ni kufuta miamala ya zamani. Uache kwanza. Piga hesabu: miamala 10 kwa siku kwa miaka 10 ni kama mistari 36,500, na idadi hiyo haiishindi kompyuta ya kawaida. Mara nyingi mzigo uko kwingine.

Jua kwanza kinachochelewa ni kipi hasa. Kufungua faili, kuhifadhi, kupekua daftari la akaunti na kutoa ripoti ni kazi nne tofauti, na kila moja ina maradhi yake. Chukua saa, pima kila kazi, andika. Tengeneza nakala rudufu na uifungue uone kama inafunguka kweli. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja, pima tena. Wanaobadilisha vitano kwa mpigo hawajui kamwe ni kipi kilicholeta nafuu.

Kama unafuatilia hisa, mimi ningeanza na bei. Programu inayochota bei kila siku hujaza hifadhidata kimyakimya: hisa 20, siku za soko kama 250 kwa mwaka, miaka 10, tayari una bei 50,000, nyingi kuliko miamala yako yote. Nani atauliza bei ya Jumanne fulani ya miaka minane iliyopita? GnuCash, programu ya bure ya hesabu za fedha, inakuruhusu kuondoa bei za zamani na kubakiza, kwa mfano, ya mwisho wa kila mwezi. Gharama uliyonunulia haipotei, maana imeandikwa kwenye muamala wenyewe. Kitakachobadilika ni ripoti za thamani ya mali yako kwa tarehe za nyuma, ambazo sasa zitatumia bei iliyo karibu na tarehe hiyo.

Ripoti nazo zina lake. Ripoti iliyowekwa kusoma tarehe zote hupitia kila kitu tangu siku ya kwanza, hata kama unachotaka ni matumizi ya mwezi huu tu. Ipe mipaka ya tarehe. Zile unazoziacha wazi unapofunga programu, pamoja na michoro ya ukurasa wa mwanzo, huenda zikahesabiwa upya kila unapofungua. Zifunge.

Faili linakaa wapi? Likiwa kwenye folda inayosawazishwa na wingu, au kwenye diski ya mtandao, kila badiliko dogo huamsha kazi nyingine nyuma yako, na antivairasi nayo inataka kukagua. Weka faili la kazi kwenye diski ya kompyuta yenyewe, kisha peleka nakala rudufu kwenye wingu ukishafunga programu.

Kwa watumiaji wa GnuCash: faili lake la kawaida ni XML (muundo wa kuhifadhi data kama maandishi), na huandikwa upya lote zima kila unapohifadhi. Ukiona skrini inaganda kila baada ya dakika chache, angalia mpangilio wa kuhifadhi kiotomatiki. Kuhamia SQLite (hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja) huondoa adha hiyo, kwa sababu kila badiliko huandikwa papo hapo, ila usitarajie faili kufunguka haraka zaidi: data yote bado hupakiwa kwenye kumbukumbu mwanzoni. Na amri ya kufunga vitabu vya mwaka haipunguzi chochote. Inahamisha masalio ya mapato na matumizi kwenda kwenye mtaji, yaani inaongeza miamala!

Jambo jingine la SQLite, katika programu yoyote inayoitumia: kwa kawaida kufuta mistari hakupunguzi ukubwa wa faili mpaka uendeshe amri ya VACUUM, inayoondoa nafasi zilizoachwa wazi. Iendeshe programu ikiwa imefungwa, na ujaribu kwenye nakala kwanza.

Yote hayo yakishindikana, ndipo uanze faili jipya. Hamisha orodha ya akaunti, kisha ingiza salio la kuanzia la kila moja kwa tarehe moja, tuseme 1 Januari. Akaunti za benki hazina shida. Za hisa zinahitaji uangalifu: ukiingiza jumla tu, unapoteza tarehe na bei ya kila ununuzi, nazo ndizo zitakazokuonyesha faida siku ya kuuza. Hamisha kila ununuzi ambao bado unaushikilia, mmoja mmoja. Faili la zamani lifanye la kusoma tu, na utoe pia nakala ya CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Microsoft iliacha kuuza Microsoft Money, programu yake ya hesabu za fedha binafsi, mwaka 2009. Programu hufa, maandishi matupu yanasomeka popote. Mwisho, linganisha masalio ya mafaili yote mawili kwa tarehe ileile, na mpaka yalingane hadi senti, usiingize muamala mpya.