Nile nini kabla ya mazoezi ya alfajiri?

SWALI: Shikamoo dada. Nipo Kinondoni, nimejiunga na wenzangu wa mtaani tunakimbia Jumanne na Alhamisi saa 11 na nusu alfajiri kama dakika 40 hivi, Jumamosi ndo tunaenda mpaka Coco Beach na mazoezi ya viungo hukohuko, inafika lisaa limoja na nusu. Shida tumbo. Nikinywa chai ya maziwa na maandazi mawili kabla ya kutoka napata kiungulia na kichomi, nisipokula basi Jumamosi njiani nasikia kizunguzungu miguu inaisha nguvu. Wenzangu wanasema usipokula ndo unakata mafuta haraka. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuamka saa hizo.

Tuanze na hayo maandazi. Yamekaangwa, na mafuta ndo yanachelewa kutoka tumboni kuliko wanga, juu yake umeweka maziwa, sasa unaanza kukimbia tumbo bado lina kazi na damu nyingi inaenda kwenye misuli ya miguu, lazima kiungulia kije. Kwa hiyo chapati, vitumbua, supu ya mafuta, hata karanga, vyote kula ukisharudi.

Jumanne na Alhamisi wala usihangaike. Dakika 40 za mwendo ambao bado unaweza kupiga stori na mwenzio hazihitaji chakula, kunywa glasi ya maji utoke. Ukilala, ini linatoa sukari yake ya akiba kulisha ubongo ndo maana asubuhi hiyo akiba imeshuka, ila iliyoko kwenye misuli bado ipo na inatosha kama usiku ulikula vizuri. Wanariadha wengi wa Iten kule Kenya wanatoka alfajiri bila kula, chai ya maziwa yenye sukari na mkate wanakuta wakirudi, lakini jana yake wameshiba ugali. Hapo kwenye ugali wa usiku ndo watu wanaponisikitisha, mtu analala na parachichi nusu halafu alfajiri anataka kukimbia kama Mkenya!

Jumamosi ni habari nyingine, hapo kula. Amka mapema kidogo, kama lisaa kabla, ule ndizi mbivu na chai ya rangi yenye sukari. Ndizi moja ya wastani ina wanga kama gramu 25, na wataalamu wa lishe ya michezo wanapendekeza karibu gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wako ukila lisaa limoja kabla, yaani mwenye kilo 60 ni ndizi mbili na hiyo chai. Anza na moja tumbo lizoee. Ndizi hakuna? Tende chache, au slesi mbili za mkate mweupe na asali. Ndiyo, mweupe, maana ule wa brauni una nyuzinyuzi nyingi, mzuri sana ila siyo dakika hiyo. Uji wa ulezi, viazi vitamu vya kuchemsha na yai viache kwa siku unayofanya mazoezi saa 3 au 4, ukipata masaa mawili ya kusubiri.

Kuhusu kukata mafuta, wenzako hawajakosea sana, tumbo tupu mwili unachoma mafuta mengi zaidi muda uleule wa zoezi, lakini kwenye mzani kinachoamua ni jumla ya unachokula wiki nzima, na ukirudi na njaa ile utakula maandazi sita.

Kama una kisukari na unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari, usikimbie bila kula kabla hujaongea na daktari wako, pima sukari kwanza na utembee na glukosi mfukoni. Na kizunguzungu kikiendelea hata Jumamosi ulizokula, nenda kapime wingi wa damu na presha wiki hiyohiyo.