Kozi ya nusu darasani, nusu mtandaoni: yaliyonikuta na ninavyofanya sasa

Mkuu, umeuliza uanzie wapi, maana chuo kimekupa kozi ya wanafunzi 120 yenye saa moja tu ya darasani kwa wiki, zilizobaki zote mtandaoni. Mimi nafundisha takwimu mwaka wa pili hapa Tanzania, na mtindo huo nimekuwa nao tangu vyuo vilipofunguliwa tena Juni 2020, baada ya kufungwa kwa sababu ya corona.

Muhula wa kwanza nilirekodi mihadhara ya dakika 50 kama ilivyo, nikaipandisha kwenye Moodle, mfumo wa mtandaoni wa kuwekea masomo na maswali, nikaona kazi imekwisha. Wiki ya tatu nikaingia darasani na kuuliza swali dogo kutoka kwenye video. Kimya. Nikashika chaki, nikaanza kufundisha upya yale yale. Hapo ndipo nilipoharibu, kuliko hata kwenye urefu wa zile video. Mwanafunzi akishajua kwamba cha mtandaoni kitarudiwa darasani, achome bando la nini? Na wale wachache waliokuwa wameshaitazama wakakaa saa nzima wakisikiliza wanachokijua.

Nikakaa na mwakilishi wa darasa na wenzake kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje wanakosomea, nikawauliza wanasomaje hasa. Wengi walikuwa na simu tu. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, likichelewa, bando ndilo linalokatwa kwanza. Binti mmoja alikuwa akiamka saa nane usiku kwa ajili ya kifurushi cha usiku, ndipo apakue video yangu. Jambo hilo liliniuma sana, kwa sababu maudhui yale yangeweza kukaa kwenye kurasa tatu.

Tangu hapo natoa sauti ya dakika nane, kurasa mbili tatu zenye michoro, na maswali matano. Wiki ya kwanza tunatumia kipindi kizima kuweka aplikesheni ya Moodle kwenye simu na kuwaonyesha namna ya kupakua somo wakiwa na waifai ya chuo, walisome baadaye bila intaneti. Hata maswali unaweza kuyaruhusu yafanyike nje ya mtandao, ila usiyawekee kikomo cha dakika, la sivyo hayatakubali. Usiruke wiki hiyo hata kama silabasi imekubana.

Maswali yanafungwa jioni ya kuamkia kipindi, na usiku huo nayasoma majibu. Hapa ndipo kozi yote ilipo. Mfano: niliwapa mapato ya siku ya watu watano wa kijiweni, 15,000, 18,000, 20,000, 22,000 na 125,000, nikauliza ni namba gani inawaeleza vizuri. Wengi walikokotoa wastani, wakapata 40,000, wakaishia hapo. Hesabu ni sahihi kabisa, lakini wanne kati ya watano hawazidi 22,000, yaani nusu ya 40,000 na elfu mbili tu juu yake! Kwa hiyo asubuhi sikufundisha kukokotoa. Niliziandika namba zile ubaoni na kuwauliza: huyu wa 125,000 akihama kijiwe, wastani unakuwaje? Unashuka hadi 18,750. Na namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa? Kutoka 20,000 hadi 19,000 tu, yaani kati ya 18,000 na 20,000. Walibishana dakika ishirini, na waliokuwa wakikaa nyuma ndio waliobisha zaidi. Mjadala kama huo siwezi kuuweka kwenye simu, ndiyo maana saa yangu moja nailinda kwa ajili yake.

Utasikia kwamba wananakiliana majibu. Ni kweli, wananakili. Mimi nimeyapa maswali hayo alama chache sana, na kila swali lina mstari wa kueleza sababu kwa maneno yako mwenyewe. Darasani namwita yeyote aeleze alichoandika, bila kumwaibisha. Wizi hautakwisha, ila ukimya ulipungua sana.

Kundi la WhatsApp libaki la matangazo. Somo ukiliweka mle, kufikia jioni limezikwa na salamu na madesa (notisi) ya kozi nyingine, na aliyebadilisha simu huenda asilipate tena.

Anza na wiki tatu tu, usijaribu kuandaa muhula mzima kabla hujaona majibu yao ya kwanza. Ukishazipanga, ziweke hapa tuzipitie pamoja.