Norwei kwa meli: nunua njia, usinunue roshani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mombasa aliniletea ujumbe: "Dada, nimeziona picha zako za Norwei. Na mimi nataka. Nianzie wapi?" Nikaanza kumjibu kwa sauti, sauti ikawa ndefu mno, nikaona bora niandike. Swali hilo naulizwa na wengi, na najua wote tuna hamu ile ile ya kuiona milima inayotumbukia baharini kabla magoti hayajachoka.

Ila kwanza nitoe langu la moyoni. Siku niliyotangaza safari kwenye grupu la familia, shemeji yangu aliandika mbele ya watu wote: "Mtu kazaliwa Tanga, leo analipa mamilioni kwenda kutazama bahari?" Wakacheka. Miongoni mwa waliocheka wamo niliowachangia harusi, wamo niliowapikia kwenye arobaini. Sijasahau, na sijifanyi nimesahau. Pesa ilikuwa yangu, ya kikoba, niliyoiweka kidogo kidogo huku nikivaa vitenge vile vile, na mzee wangu akaongezea kwenye kiinua mgongo chake cha bandarini.

Wakala mmoja wa safari alitaka kutuuzia meli kubwa ya starehe, yenye mabwawa ya kuogelea, kasino na chumba chenye roshani. Nikamuuliza: hii meli itapita wapi mchana na wapi usiku? Hajui. Migahawa yake aliijua kwa idadi. Nikamshukuru, nikatoka.

Tulichopanda ni meli ya njia ya pwani. Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1893 na Kapteni Richard With, kutoka Trondheim hadi Hammerfest, kupeleka barua, mizigo na abiria kwa watu ambao barabara ilikuwa haijawafikia. Leo kampuni mbili, Hurtigruten na Havila, zinaigawana. Meli inang'oa nanga Bergen, kusini magharibi mwa nchi, inapita bandari 34 mpaka Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, kisha inageuza. Kwenda na kurudi ni siku 12. Bandari nyingi unazopita usiku ukiwa unakwenda, unazipita mchana ukiwa unarudi. Usipoweza yote, nunua upande mmoja, kama sisi, au hata kipande cha bandari mbili tatu. Hakuna atakayekuuliza mbona hukumaliza.

Visa ni ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na hapa fungua macho. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Njia hii ya pwani haitoki nje ya Norwei, kwa hiyo visa ya kuingia mara moja inatosha. Lakini ukishawishiwa kuongeza Svalbard, visiwa vya mbali kaskazini, jua kwamba Svalbard ni ya Norwei ila iko nje ya Schengen: ukienda huko umetoka, na kurudi unahitaji ruhusa ya kuingia tena. Vivyo hivyo kwa meli zinazochomekea Uingereza katikati. Soma ratiba ya meli kabla hujajaza fomu.

Ya ubalozini na ya ndege nayaruka. Mkao wa viti vya ndege kila mtu anaujua.

Chumba tulichukua cha ndani, kisicho na dirisha, ndicho cha bei ya chini. Nilivyomsikia shemeji akilisema hilo nalo! Sasa nieleze. Kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, jua halizami kabisa kule Nordkapp, rasi ya kaskazini kabisa mwa Norwei. Watu wa vyumba vya madirisha walikuwa wanahangaika na mapazia, sisi kwetu kiza totoro, usingizi mtamu. Na ukiwa macho hukai chumbani, uko juu sitahani na koti lako. Roshani inakuonyesha upande mmoja tu, tena mara nyingi uzuri uko upande wa pili.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile tuliyotoka mji wa Bodø alasiri na kuikata ghuba pana ya Vestfjorden kuelekea visiwa vya Lofoten. Milima yake inainuka mbele yako kwa mfululizo, imechongoka, myeusi, theluji imebaki kwenye mikunjo. Tukatia Svolvær saa tatu na kitu usiku, jua bado liko juu. Nje ya mji kuna vichanja vya miti, virefu kuliko nyumba, ambako samaki aina ya chewa wa kule wanaanikwa kuanzia Februari hadi Mei, bila chumvi, kwa upepo tu. Sisi tulikuta wameshateremshwa, imebaki harufu, na harufu yenyewe ni ya ng'onda hasa! Vichwa vyao havitupwi, vinauzwa Nijeria, watu wanaunga mchuzi.

Karibu saa sita usiku meli ikaingia Trollfjorden, mkono mwembamba wa bahari katikati ya milima. Mlango wake una upana wa kama mita 100, na kuta za mawe ziko karibu hata unaona vijito vinavyotiririka juu yake kimoja kimoja. Ndani kabisa meli ikazunguka pale pale ilipo, kama mtu anayegeuka ukumbini. Sisi wawili tulikuwa tumejibanza pembeni tunaswali Isha tuliyoichelewesha. Tulianza tumeelekea kibla sawasawa, kusini mashariki. Tulipotoa salamu mbele yetu kulikuwa na maporomoko ya maji ya upande mwingine kabisa. Mzee akaangua kicheko.

Wengi mnaniuliza habari ya swala mahali jua lisipozama. Muulize sheikh wako kabla ya kuondoka: wako wanaofuata mji wa karibu wenye machweo, wako wanaofuata Makka. Sisi tulifuata Makka, na kwa kuwa Makka na Tanga zinatumia saa zile zile, saa yangu ya mkononi sikuigusa safari nzima. Chakula tulikula samaki na mboga. Meli ikikaa muda mrefu, kama Trondheim au Tromsø, shuka ununue mkate na matunda dukani, maana Norwei bei zake zinakata maini. Maji ya bomba ni safi, beba chupa.

Mzee wangu, kwa taarifa yenu, milima aliitazama kidogo. Yeye alikuwa anangoja vibandari vidogo. Mlango wa ubavuni unafunguka, foklifti inaingia na kutoka na mapaleti ya vyakula na vipuri, vijana wanafunga kamba, na kwa muda wa kunywa chai meli imeshaondoka. Aliwahesabia muda, akanitazama, akatikisa kichwa. Tanga angewasimulia nini wenzake!

Halafu kuna wanaotaka jua la usiku na ile mianga ya kijani ya angani kwa safari moja. Haiwezekani. Mianga inahitaji giza: Septemba mpaka mwishoni mwa Machi. Chagua moja, ukubali. Na kina mama wenzangu, acheni kungoja grupu liwape baraka. Tunachanga sare za harusi kila mwezi, tunakodi ukumbi wa usiku mmoja, hakuna anayetucheka. Ukitaja ndoto yako mwenyewe, ndipo kila mtu anakuwa mhasibu. Weka akiba yako, funga mdomo, tangaza ukiwa na tiketi mkononi. Harusi za kuchangia zitakuwepo ukirudi.

Sisi tumeshaanza kuweka tena. Safari hii Kirkenes kushuka Bergen, Februari, kwa ajili ya ile mianga. Bahari ya baridi ni kali, hasa Hustadvika, sehemu ya wazi kabla ya Molde ukishuka. Hapo ndipo Machi 2019 meli kubwa ya utalii ilizimikiwa injini, watu zaidi ya 400 wakatolewa kwa helikopta. Kwa hiyo chumba ni kile kile cha ndani, katikati ya meli na sitaha ya chini, ambako haiyumbi sana, na vidonge vya kichefuchefu tutameza kabla ya kuingia mahali pa wazi, si baada.