IgE 2,400: je, pumu ya ngozi imefikia hatua kali?

Swali: Nina mtoto wa miaka 6, ana pumu ya ngozi (ukurutu) tangu uchangani. Maabara imeleta IgE (kingamwili ya aleji) 2,400 IU/mL. FBP (picha kamili ya damu) inaonyesha seli nyeupe 8,000, na kati ya hizo eosinofili, seli za aleji na minyoo, ni asilimia 9. Mama ameshaambiwa "aleji imejaa kwenye damu". Je, niuhesabu ugonjwa ni mkali, nimwanzishie prednisolone (steroidi ya kumeza)? (Tabibu, kituo cha afya, mkoani Tanga)

Jibu: Hapana, si kwa namba hizo. Tuanze na eosinofili. Asilimia peke yake hupotosha; zidisha kwanza: 8,000 × 0.09 = 720 kwa kila mikrolita. Kikomo cha kawaida ni kama 500, kwa hiyo zimepanda, ila kidogo. Swali linalofuata ni nani amezipandisha. Huko pwani, minyoo mviringo, safura na kichocho hupandisha eosinofili na IgE vilevile, hata kwa mtoto mwenye ngozi nyororo. Na kwa upande wa pili, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa pumu ya ngozi ana IgE ya kawaida, na wengine kati ya hao wamejikuna hadi damu. Pima choo kabla ya kuamini namba yoyote.

Wengine huongeza LDH, kimeng'enya kilicho ndani ya chembe za mwili, kwa kuwa ngozi iliyoumia huimwaga kwenye damu. Lakini mtoto akipiga kelele, mshipa ukatafutwa mara tatu na damu ikavutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, chembe nyekundu hupasuka na LDH hupanda bila ngozi kuhusika. Seramu ikiwa na rangi ya waridi, itupe, chukua nyingine.

Kipimo kinachofuata hali ya ngozi kwa karibu zaidi ni TARC, protini ya damu inayoita seli za aleji kwenye ngozi, kinachotumika sana Japani. Mtoto aliyefikisha miaka 2 hutarajiwa kuwa chini ya 743 pg/mL. Mchanga wa miezi 6 hadi 12 huruhusiwa hadi 1,367, maana hushuka kadiri mtoto anavyokua. Nacho kina hila yake: chembe sahani huendelea kukitoa kadiri damu inavyokaa, hivyo seramu iliyochelewa kutenganishwa hudanganya.

Ukali usomwe kwenye ngozi yenyewe, kwa EASI, yaani alama za ukali na eneo la ukurutu zinazotolewa kwa kutazama kila sehemu ya mwili. Chukua mfano wa miguu: wekundu 2, unene 2, michubuko ya kujikuna 3, ngozi kukomaa 2, jumla 9. Eneo lililoathirika ni asilimia 30 hadi 49, alama 3. Kwa aliye chini ya miaka 8 miguu huzidishwa kwa 0.3: 9 × 3 × 0.3 = 8.1. Miguu peke yake imeshavuka 7, mpaka wa ugonjwa wa wastani, kabla hujagusa mikono. Ukali huanzia juu ya 21. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu wa vitabuni. Tafuta zambarau au kijivu, joto mkononi, na vipele vidogo kwenye vinyweleo. Wengi huandika 0 hapo, na mtoto anahesabiwa nafuu asiyo nayo. Mwulize pia mama ni usiku ngapi wiki hii mtoto ameamshwa na muwasho.

Damu ina faida ukilinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe: maabara ileile, saa ileile ya asubuhi, kwani eosinofili hupanda usiku, na kabla ya steroidi ya kumeza, ambayo huzishusha ndani ya saa chache huku ngozi ikiwa bado vilevile.

Kuhusu prednisolone: ukiiacha, ukurutu hurudi kwa kishindo. Kubwa zaidi, eosinofili hizo huenda ni za strongiloidesi (mnyoo mdogo wa utumbo), na steroidi humwachia mnyoo huyo asambae mwilini hadi kuua. Albendazole ya dozi moja haimwezi vizuri. Dawa yake ni ivermectin, mikrogramu 200 kwa kilo. Mtoto wako aanze na mafuta mazito mara mbili kwa siku na krimu ya steroidi ya kutosha, kisha umhesabie EASI upya baada ya wiki 2.