Dikia kwenye jua la Dodoma: mmeuliza, tunajibu

Nimepewa mmea mdogo wenye miiba pembeni mwa majani. Jirani anasema mkonge, mwingine anasema mshubiri. Ni upi? – Msomaji, Nkuhungu

Kwa picha uliyotuma, si mkonge wala mshubiri. Ni dikia (Dyckia), ndugu wa nanasi. Geuza jani utazame chini: aina nyingi zina mistari myembamba yenye weupe wa fedha, na miiba yake imepinda kama ndoana. Haina ule utomvu wa njano mchungu wa mshubiri. Kwao ni Amerika Kusini, hasa Brazili, ambako nyingi huota juu ya miamba. Afrika nzima ina aina moja tu ya asili katika ukoo wa nanasi, nayo iko Guinea.

Nichanganye udongo gani? Kwangu ni ule mwekundu unaokuwa kama saruji ukikauka. – Ilazo

Usiutupe, upunguze makali. Mchanga mnene wa korongoni ndoo mbili, kokoto ndogo za ukubwa wa punje ya mahindi ndoo moja, udongo wako ndoo moja, na nusu ndoo ya samadi ya mbuzi iliyooza mpaka haina harufu. Mchanga uchekeche kwanza kwa chekeche ya unga. Ule laini unaopita ndio unaoziba njia ya maji, umwage. Kisha jaza chungu na ukimwagie lita moja. Maji yakiwa bado yametuama juu baada ya dakika moja, ongeza kokoto. Udongo mweusi wa mbugani usiuguse kabisa.

Niliambiwa haitaki maji. Tangu Juni sijamwagilia, sasa majani yamejikunja na ya chini yamekauka. Nimeiua? – Kongwa

Huenda bado. Aliyekuambia hivyo aliifananisha na kakati, na hapo ndipo dikia nyingi zinapopotelea. Ikikosa maji haifi haraka: inasimama kukua, mizizi myembamba inakauka, na mmea unaanza kula akiba ya majani ya chini. Huko kwenye miamba mizizi huzama katika nyufa zenye ubaridi. Ndani ya chungu haina pa kukimbilia, hasa kopo jeusi la plastiki linalopigwa na jua la Oktoba na ule upepo wetu.

Shika majani machanga ya katikati kwa koleo, uyavute taratibu. Yakishikilia, mmea ni mzima. Yakichomoka yakiwa yameoza chini, moyo umekwisha, ila usiung'oe kwanza. Mara nyingi chipukizi hutokea ubavuni.

Kama ni mzima, tumbukiza chungu kwenye beseni, maji yaishie chini kidogo ya ukingo, kwa nusu saa. Kitoe, kichuruzike, kikae kivulini wiki moja kabla ya kurudi juani. Mbolea ingoje mpaka uone jani jipya, maana mizizi iliyokufa haiwezi kuila.

Baada ya hapo, kwa chungu chenye upana wa sentimita 20, kipimo cha kuanzia ni hiki: Septemba hadi Novemba kila baada ya siku nne au tano, Juni hadi Agosti kila siku kumi hivi. Mvua zikianza Desemba ziache zifanye kazi, umwagilie tu zikikatika wiki nzima. Kidole ndicho kiamue: udongo ukiwa na unyevu kwenye pingili ya pili, subiri.

Juu ya udongo kuna ukoko mweupe na ncha za majani ni kahawia. Natumia maji ya kisima. – Bahi

Chumvi hiyo. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku ndiko kunakoilimbikiza: maji yanakauka, chumvi inabaki. Kwangua ukoko, kisha pitisha maji ya mvua yenye ujazo mara tatu ya chungu. Kuanzia hapo kila ukimwagilia, yatoke mengi chini. Ncha zilizoungua hazirudi kijani, zikate kwa mkasi. Na kwenye masika kinga maji ya bati.

Nitawatenganishaje watoto bila kuchanwa mikono? – Singida

Mkono huingia vizuri, kutoka ndiko kuna kazi, kwa sababu ya zile ndoana. Glavu za kitambaa hunasa, tumia za ngozi au viringisha mmea kwa gunia. Ngoja mtoto afikie theluthi ya mama, na fanya hivyo Septemba. Toa mmea wote, kata shina linalowaunganisha kwa kisu safi, acha jeraha likauke kivulini siku tatu, ndipo upande. Maji ya kwanza baada ya siku tano. Huku ukikata, chungulia kwenye makutano ya majani. Ukiona vidung'ata, vile vijidudu vyeupe kama pamba, vifute kwa kijiti chenye pamba iliyolowa spiriti.

Ikitoa maua itakufa kama mgomba? – Makole

Hapana. Bua la maua hutokea ubavuni, kwa hiyo moyo unaendelea kukua. Ukitaka mbegu, acha vitumba vikauke na kuanza kupasuka. Zimwage juu ya udongo bila kuzifukia, maana zinahitaji mwanga, kisha funika kwa nailoni angavu na uweke kivulini. Huanza kuota kwa wiki mbili hivi. Kama una aina nyingine karibu, tarajia miche isiyofanana na mama.