Chokaa ya shambani kwenye ukuta wa udongo
Ndugu uliyeuliza kama chokaa ya shambani iliyobaki inafaa kupiga lipu ukuta wa udongo: haifai. Ile ni mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, kwa hiyo haishiki. Ikikauka unaipangusa kwa kidole kama unga. Ya lipu ni iliyochomwa kisha ikazimwa kwa maji. Hiyo hukaza polepole kwa kuvuta hewa ukaa, basi ukuta uunyunyizie maji siku kadhaa, usiachwe ukaungua na jua.

Kinyume chake inawezekana: iliyozimwa hufanya kazi shambani, ila ni kali, kilo 74 hivi zinatosha badala ya 100 za iliyosagwa. Pima pH ya udongo (kipimo cha asidi yake) kwanza, na usiichanganye na samadi mbichi, naitrojeni itapotelea hewani. Tafadhali, linda macho!